Sisi Wenye Kiwanda cha Mawe

Nimewahi kuwa mmiliki wa kiwanda. Naandika hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti kile kile cha kamba nilichokikalia wakati wa umiliki wangu, barazani kwenye nyumba aliyoniachia baba, Lindi mjini, na mtu akipita sasa hivi hawezi kujua kama hapa amekaa mwenye kiwanda au mtu anayesubiri uji upoe. Kiwanda chenyewe kilikuwa Dar. Sikuwahi kuliona hata lango lake. Kilikuwa kinatengeneza mawe ya redio na tochi. Vijana wa siku hizi wanasema betri. Sisi tulisema mawe, na Serikali ilipotangaza kwamba inakibinafsisha na mwananchi yeyote ruksa kununua hisa, tukasema tumenunua hisa za mawe, na hatukuona cha kucheka.

Kiwanda hicho hakipo tena. Kilikufa kama vilivyokufa vingine, polepole, miaka kadhaa baadaye. Lakini kabla ya hapo kilikufa mara moja ambayo haikuandikwa popote, mchana kweupe, kwenye baraza ya duka hapa Lindi, na waliokiua ni mimi na wamiliki wenzangu. Shangazi yangu ndiye aliyekaa matanga.

Kwanza nijieleze, maana wengine hawatanieleza vizuri. Nilimaliza kidato cha nne. Wenzangu wote wakapanda mabasi kwenda Dar kuuza mitumba. Na mimi nilikwenda, nikakaa wiki moja na siku mbili, nikarudi, kwa sababu godoro la huko halikuwa na shimo la umbo langu. Tangu hapo kazi yangu ikawa kuandika barua za watu na kuwajazia fomu hapo barazani: maombi ya kazi, madai ya pensheni, posa mbili tatu. Walioniheshimu waliniita mwandishi. Wengine, yaani wote, waliniita Fomu Foo.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria, ambapo kila kilichokuwa cha umma kilikuwa kinatafutiwa mwenyewe. Kiwanda cha korosho kilichofungwa nikiwa bado shule ya msingi kilitafutiwa mwenyewe. Mashamba ya mkonge yalitafutiwa wenyewe. Tukabaki tunatazamana, nani atakuja kutununua sisi. Kumbe sisi ndio tulikuwa tunatafutwa tununue. Fomu za hisa zikaletwa benki, nami nikaenda kuchukua kumi. Si kwamba nilikuwa na pesa za fomu zote. Nilikuwa na kalamu.

Shangazi, dada yake baba, aliishi Mchinga. Alikuwa mjane mwenye minazi michache na mikorosho huko nyuma ya kijiji, na msimu wa korosho ulipokwisha alikuja mjini na pesa zake zimefungwa kwenye pindo la kanga. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: mabati. Nyumba yake ilikuwa ya makuti, na makuti, kwa asiyeyajua, ni paa la kukodi. Kila baada ya misimu miwili mitatu unalipia upya. Upande wa kusini ulikuwa unavuja juu ya kitanda chake. Alikuwa amekihamisha kitanda mara tatu, na mara tatu tone lilimfuata.

"Niandikie idadi ya mabati na misumari," aliniambia, "nisije nikapunjwa dukani."

"Shangazi, bati linaota kutu. Hisa haioti kutu."

"Hisa ipi? Ya mirathi?"

"Siyo ya mirathi. Hii unanunua."

"Ya marehemu nani?"

"Ya Serikali."

"Inna lillahi," akasema, akiwa ameshika kifua. "Imekufa lini?"

Nikamweleza. Ee Mola, nilieleza! Nilichora kiwanda kwa kidole mchangani, nikakikata vipande, nikamwonyesha kipande chake. Nikamweleza gawio. Akauliza kama gawio na mgao ni kitu kimoja, kwa sababu mgao wa umeme aliujua: wakisema unakuja leo, lala. Nikamwambia ni vitu viwili tofauti kabisa. Nikamwambia akiziacha pesa zake kiwandani, baada ya miaka miwili gawio litamwezekea nyumba na hisa zenyewe bado zipo, kama mnazi unaoanguliwa nazi na wenyewe haujaondoka. Hayo yote nilimweleza nikiwa nimekaa chini ya bati la baba yangu, yaani kaka yake, bati ambalo sikuligharamia hata msumari.

Akanitazama. Akafungua pindo.

"Wewe ndiye uliyesoma, baba," akasema.

Sentensi hiyo imeniletea hasara kuliko malaria.

Cheti cha hisa kilipofika alikikunja ndani ya mfuko wa nailoni, akanipa nimtunzie. "Huku kwako hakuvuji," alisema, bila ubaya wowote.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumamosi kabla ya saa sita mchana, wenye hisa wa Lindi tulikutana kwenye baraza ya duka la vifaa pale karibu na posta. Labda walikuwepo wenye hisa wengine mjini, wenye akili, waliokuwa nyumbani kwao. Sisi tulikuwa watatu. Wa kwanza ni mwenye duka mwenyewe, Mmwera mnene mwenye sauti ndogo, aliyeuza misumari, rangi, mabati, na mawe kutoka nje yenye picha ya mbuzi. Wa pili ni karani mstaafu wa forodha, Mmakonde kutoka uwandani, Mkristo, aliyevaa soksi hata Januari. Yeye tulimwita Bwana Forodha. Wa tatu ni mimi na kadibodi yangu.

Hiyo kadibodi ni lazima niitaje, ingawa naona haya. Ilikuwa ubavu wa boksi la sabuni. Nilichora juu yake bei za hisa zetu kila zilipotoka gazetini, nukta kwa nukta, nikaziunganisha kwa rula. Gazeti lilitufikia likiwa limechelewa, na wakati wa masika lilichelewa hadi likawa historia. Basi lililolileta lilingoja kivuko Rufiji, likalala matopeni njiani, likapumzika Nangurukuru, likaingia Lindi likiwa limebeba habari za watu ambao pengine walishastaafu. Kwa nukta hizo za zamani mimi nilitabiri mambo ya mbele. Mstari wangu ulipanda, ukalala kidogo, halafu nikauchora ukipanda tena kwa vidotidoti. Niliulizwa kwa nini umelala pale katikati. Nilijibu kwamba soko linapumua. Ukweli ni kwamba ilikuwa siku ya joto na mkono ulichoka.

Jumamosi ninayoisema ilikuwa mwisho wa mwaka wa pili, masika imeshika. Tulikuwa tunasubiri kiwanda kitangaze matokeo ya mwaka. Shangazi naye alikuja siku hiyo kutoka Mchinga, amelowa hadi magotini, kwa sababu miaka miwili niliyomwahidi ilikuwa imetimia, na kitanda kilikuwa kimekosa pa kuhamia.

"Shikamooni," nilikuwa nawasalimia wazee wangu alipotokea, ikabidi niongeze, "na wewe shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza gawio langu limefika wapi."

"Linakuja," alisema Bwana Forodha, akimpisha kwenye benchi. "Keti, dada yangu, usikie. Bei itapanda. Nasema itapanda. Masika hii, mawingu yametanda, watu wanawasha tochi mapema. Tochi ikiwaka, mawe yanaisha. Yakiisha, yananunuliwa. Uchumi ni huo, mengine ni makelele."

"Yananunuliwa ya mbuzi, mzee wangu," alisema mwenye duka kwa sauti yake ndogo.

"Huyo mbuzi wako atatozwa ushuru, utaona. Mimi nimekaa bandarini miaka mingi."

"Ulikaa, hilo najua. Ulipokuwa umekaa ndipo mbuzi alipopita."

Bwana Forodha alivuta soksi zake juu, ishara kwamba ameumia. Nikaona ni zamu yangu. Nikainua kadibodi, nikasema kwamba matokeo yakiwa mazuri bei inaweza kupanda, lakini pia yakiwa mazuri inaweza isipande, kwa sababu soko limeshayatia matokeo ndani ya bei. Sentensi hiyo niliitoa gazetini. Niliisema polepole, kama mtu anayeshusha sinia la mayai.

"Ndani wapi?" aliuliza shangazi.

"Ndani ya bei, shangazi."

"Na wewe umeyaona humo ndani?"

"Si ya kuonekana."

"Ahaa," alisema. Halafu akamgeukia mwenye duka. "Haya, mwanangu. Mimi si nina kiwanda? Nipe basi mawe mawili ya tochi, ya kwangu, ya kiwanda changu. Njia ya kwetu ina madimbwi, na saa kumi na mbili mawingu haya yatakuwa giza."

"Ya kiwanda chako sina, mama."

"Umeishiwa?"

"Sijayaleta tangu mwaka jana. Hayatoki. Mtu akiingia anataka mbuzi, bei nafuu."

Shangazi alitutazama mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayehesabu kuku jioni. Bwana Forodha alianza kutafuta miwani yake, na miwani alikuwa ameivaa. Mimi nilisema kwamba Lindi si soko lote, lazima tuangalie nchi nzima. Nchi nzima! Mtu ambaye kwenda sokoni Jumapili kunamchosha.

Hapo ndipo palikuwa na jibu, limewekwa mbele yetu kwenye rafu, lina picha na pembe, na hakuna mmoja kati yetu mabingwa watatu aliyeliokota. Tulirudi kwenye ubishi kana kwamba mama amekohoa tu.

Sasa kuhusu redio. Redio ya duka ilitumia mawe sita makubwa, na umeme wa Lindi wakati huo ulikuwa ni stori. Mtu atadhani wenye hisa watatu wa kiwanda cha mawe, wakiwa wamekaa mbele ya duka la mawe, wangeweka mawe mapya. Hapana. Mwenye duka alisema bidhaa ni ya kuuza, siyo ya kusikilizia. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi kila mmoja wetu alileta mawe mawili yaliyochoka kutoka kwake, tukayaanika juu ya kipande cha bati hapo ukutani yapate jua, yarudishe nguvu kidogo. Kabla ya kuyatia tuliyang'ata ubavuni, maana yaliyong'atwa huongea zaidi. Yalikuwa na alama za meno yetu sote. Hivyo ndivyo tulivyoendesha kiwanda chetu: miaka miwili tuliomba Mungu watu wanunue mawe, na miaka miwili tulijitahidi kwa meno na jua tusinunue hata moja.

Siku hiyo jua halikutoka. Tuliyatia hivyo hivyo, yana baridi kama samaki.

Saa sita ikafika. Taarifa ya habari ikaisha, ikaingia taarifa ya soko la hisa. Tulinyamaza wote, hata mwenye duka alimwashiria mteja wa misumari asubiri. Sauti ya msomaji ilianza vizuri, halafu ikaanza kunenepa na kuzama, kama mtu anayeongea huku usingizi unamchukua. Bwana Forodha aliinamia redio hadi sikio likagusa kitambaa cha spika.

"Kampuni ya kutengeneza betri," ilisema sauti, sasa ni nzito kama ya jini, "ambayo jana ilitangaza matokeo yake ya mwaka... imefunga..."

Ikakata.

Tukasubiri. Ilitoka mluzi mdogo, halafu hata huo ukaisha.

"Imefunga," alisema Bwana Forodha, akiinua kichwa.

"Imefunga nini?" aliuliza shangazi.

"Si Ramadhani hii," alisema mwenye duka.

"Na Kwaresima imeshaisha," alisema Bwana Forodha.

Hakuna aliyecheka. Siku hizo neno hilo tulilijua. Kiwanda cha korosho kilifunga. Chama cha ushirika kilifunga. Duka la kaya lilifunga, ghala likafunga, mpaka bendi ya mji ilifunga. Kitu kikishabinafsishwa, tulizoea kusikia mambo mawili tu: kimenunuliwa, kimefunga. Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu lilikuwa suala la lugha, na lugha ndiyo nilikuwa nimesomea.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kuinuka nikatembea hatua mia mbili mpaka posta, nikapiga simu kwa mtu yeyote Dar. Sikuinuka. Nilitia kalamu nyuma ya sikio, nikasema, "Ni lugha ya kiuchumi. Maana yake imesitisha shughuli."

"Imesitisha," alirudia Bwana Forodha, kama anayeitikia dua.

"Fungua pakiti moja tusikilize vizuri," shangazi alimwambia mwenye duka.

"Habari yenyewe imeshapita, mama. Nifungue pakiti nisikilize taarabu?"

Tuliyatoa yale mawe, tukayang'ata tena, tukayabadilisha nafasi, la mbele nyuma na la nyuma mbele. Mabwana watatu wazima, wamiliki, tumeshika mawe mdomoni kama watoto wanaoota meno. Shangazi alikaa kwenye benchi, mikono juu ya mapaja. Alisema neno moja tu.

"Mabati yangu."

Hakulia wala hakunilaumu. Aliondoka mapema ili awahi mwanga, kwa kuwa tochi yake haikuwa na mawe. Nami nikarudi nyumbani, nikalala mchana, na nakiri kwamba nililala vizuri.

Jumatatu mwenye duka alikuja barazani kwangu. Hakuwahi kunitembelea kabla ya hapo. Hata kumzika baba alikuja amechelewa. Alikaa, akasifia mwembe wa jirani, akauliza afya ya shangazi. Halafu akasema amekosa usingizi kwa ajili ya mama yule. Ana mabati yake ya zamani nyuma ya stoo, ya shehena iliyopita, yameanza kutu kwenye kingo kwa chumvi ya hewa hii. Yanatosha nyumba kama ile. Atampa yote, na misumari yake, na yeye atachukua kile cheti cha hisa.

"Cheti cha kampuni iliyofunga?" nilimwuliza. "Cha nini?"

"Nitafungia maandazi," alisema. "Hesabu kwamba ni sadaka. Lakini andika vizuri ile karatasi ya kuhamisha, isije ikaonekana nimemwibia."

Nilimtazama nikamwonea huruma. Nakumbuka kabisa ile huruma, ilikuwa na utamu wake. Nikawaza, huyu ndiye mfanyabiashara? Kweli watu wa misumari akili zao ni za misumari. Siku ile ile nilimtumia shangazi salamu aje. Alipofika aliniuliza swali moja.

"Nikubali, baba?"

"Kubali upesi," nilisema, "kabla hajapata akili."

Fomu ya kuhamisha hisa niliijaza mimi, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote, ule wenye mikia. Shangazi alisaini kwa kuandika jina lake herufi moja moja, huku ulimi umetoka kidogo pembeni, kama walivyomfundisha darasa la ngumbaru. Kwa kila herufi nilimwambia, "Vizuri sana."

Gazeti liliingia Lindi siku tisa baadaye, limekunjamana na lina tope la Rufiji kwenye pembe. Nililisomea nyumbani, kitini. Matokeo yalikuwa mazuri. Gawio lilikuwepo. Na chini kidogo, kwa herufi ndogo, lilieleza kwamba kampuni ile imefunga wiki ikiongoza kwa kupanda bei.

Imefunga wiki. Yaani wiki ndiyo iliyofungwa. Yalibaki maneno manne matano tu, na mawe yetu yalishindwa kuyabeba. Nilisoma mara mbili, nikalikunja gazeti, nikalikalia. Ndiyo, nililikalia, kana kwamba habari ikibanwa inakufa.

Jioni nilikwenda dukani. Redio ilikuwa inaongea kwa sauti kubwa na safi mpaka barabarani, kama imelipwa mshahara.

"Umesoma?" aliniuliza mwenye duka.

"Ulijua."

"Jumapili asubuhi wanarudia taarifa. Nilifungua pakiti."

"Pakiti! Ya mbuzi!"

"Mbuzi anasikika vizuri," alisema, akipimia mtu misumari. Hakuwa na haya hata ya kuonyesha. "Usinikasirikie, Fomu Foo. Mimi nilikuwa na mawe mapya, wewe ulikuwa na kadibodi. Na mama si alitaka mabati? Kapata mabati."

Nilitoka, na redio yake ikanisindikiza mpaka kona.

Bwana Forodha yeye hakuuza, kwa sababu hakuna aliyemwendea; lakini alipoona gazeti alitangaza mji mzima kwamba yeye alijua tangu mwanzo, aliisikia ile "imefunga" akatabasamu moyoni. Alivuta soksi hadi magotini. Na mimi, mwenye ushauri wa kuuza haraka, hisa zangu chache sikuziuza. Msidhani ni ujanja. Cheti changu kilikuwa chini ya godoro, na kila nilipokumbuka kukitoa nilikuwa nimelala juu yake.

Kwa hiyo gawio langu lilikuja kwa posta, la kwangu mimi, na la shangazi likaenda kwa mwenye duka. Langu lilitosha sukari, majani ya chai na mawe sita. Nikaona nichukue hivyo vitu, niende Mchinga, nimwambie ukweli wote kwa mdomo wangu. Uamuzi huo niliufanya siku ile ile. Kuutekeleza kulinichukua wiki tatu, kwa sababu mara mvua, mara mguu, mara mteja. Mawe ya kiwanda chetu niliyatafuta mji mzima nimpelekee kama ushahidi kwamba kipo hai. Sikupata. Nikanunua ya mbuzi. Mwenye duka akanipunguzia bei.

Niseme na hili, lisije likanipita: mwenye duka alikula gawio lile misimu miwili tu. Mbuzi wake mwenyewe, na mbuzi wa wenzake wa nchi nzima, walikitafuna kiwanda mpaka kikafunga kweli, kule kufunga kwa kufuli. Cheti cha shangazi nilikuja kukiona kimebandikwa nyuma ya kaunta, kimeziba tundu la panya. Ningependa kusema nilifurahi. Nilifurahi.

Mchinga nilifika mchana, tope hadi mapajani, mvua ikiwa ndiyo inaanza. Nyumba ya shangazi niliipita mara ya kwanza bila kuijua. Ilikuwa imeezekwa bati tupu, la madoa ya kutu hapa na pale, lakini limekaa sawa, na mashimo ya misumari yamezibwa lami. Alinipokea kwa vigelegele, kwa jinsi nisivyoonekana popote. Akaniketisha kitandani. Kitanda kilikuwa kimerudi mahali pake pa zamani, upande wa kusini, chini kabisa ya pale palipokuwa panavuja.

Ndipo mvua ikafunguka. Asiyewahi kukaa chini ya bati lisilo na dari wakati wa masika hawezi kuelewa. Si kelele, ni kama mtu anamwaga korosho kavu juu ya kichwa chako, gunia baada ya gunia, hamalizi. Nikaona ni sasa au nisiseme tena.

"Shangazi," nikasema, "nilikudanganya!"

"Eeh?"

"Kiwanda! Kiwanda hakikufunga!"

Aliweka kiganja nyuma ya sikio. Nikainuka, nikamsogelea, nikapiga kelele.

"Hakikufunga! Hakikufunga!"

Uso wake ukafunguka. "Nimefunga!" alinijibu kwa sauti yote, akionyesha juu kwa kidole. "Nimefunga misumari yote! Hata upande ule wa kusini! Fundi alitaka kuruka, nikamwambia, funga!"

Nikakaa. Yeye akaupokea mfuko wangu, akatoa sukari, akatoa chai, akatoa yale mawe yenye picha ya mbuzi, akayageuza geuza, akayatia kwenye redio yake ya mbao iliyokuwa kimya tangu sijui lini. Akafungua sauti hadi mwisho. Taa ndogo ikawaka. Hatukusikia hata neno. Aliegemeza sikio kwenye redio, akalitazama bati, akaitazama redio, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu.

Mvua ilikatika kabla ya alasiri, ghafla, kama ilivyoanza. Redio ikalipuka katikati ya wimbo, akaizima. Pakawa kimya kabisa. Maji yalidondoka kwenye kingo za bati, nje, na ndani palikuwa pakavu. Ningeweza kunong'ona na angesikia.

"Ulikuwa unasemaje ile saa?" aliniuliza.

Nilijifanya napangusa tope mguuni.

"Nilikuwa nauliza kama umefunga misumari."

Shangazi akainuka kwenda kubandika chai.

"Wewe," alisema akiwa amenipa mgongo, "usiyetoka hata kwenda sokoni, umetembea tope lote hilo kuja kuniuliza misumari?"